Patisheni ya Saba

Mstari wa kijani kwenye kioo cha laptopu ulikuwa umefika asilimia kumi na moja fundi alipovuta daftari lake ili aweke tiki.

Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake. Hakuwahi kuigusa diski ya mtu kabla ya kuiandika: diski moja, ukurasa mmoja, patisheni zake, yaani vyumba ilivyogawanywa, zimepangwa kwa namba kutoka juu kwenda chini, na mbele ya kila namba maneno machache ya wino wa bluu au mwekundu. Bluu ni ruhusa, nyekundu ni marufuku. Wateja waliomkuta akiandika walidhani ni risiti, wengine wakanuna kwa kucheleweshwa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Taratibu, na hata mwenyewe alikuwa ameshalizoea jina hilo kiasi cha kuitika.

Ukurasa wa siku hiyo ulisomeka hivi:

5 – makorokoro ya mwenye mashine wa zamani. Futa.

6 – tupu. Linux ikae hapa.

7 – SAUTI YA SHEMEJI. USIGUSE.

Akaweka tiki kwenye tano. Akaweka tiki kwenye sita. Saba haikuwa na tiki, kwa kuwa haikuwa kazi ya kufanywa bali ya kuachwa. Alitaka tu kuiona kwa macho, kama mtu anavyojipapasa mfuko kuhakikisha ufunguo upo. Akafungua kidirisha kidogo kinachoonyesha jinsi diski ilivyogawanywa. Moja. Mbili. Tano. Sita.

Akasoma tena, safari hii kwa kidole.

Saba haikuwepo.

Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe nyuma ya mashine ukang'oa waya wa umeme, na kwa kuwa betri ya laptopu ile ilikufa siku nyingi, kioo kikazimika papo hapo. Feni ikazunguka kidogo, ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Nje mtu alikuwa anaburuta meza juu ya sakafu ya saruji.

Kosa alilielewa kabla feni haijasimama, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Patisheni za mwanzo katika diski za kizamani hushika namba zao hata iweje. Lakini zile za ndani, zinazoanzia tano, hukaa kama watu kwenye foleni ya zahanati: wa mbele akiondoka, walio nyuma wote husogea. Alipofuta ya tano, ya sita ikawa ya tano, na ya saba ikawa ya sita. Jambo hilo alilijua miaka mingi. Alishawahi hata kumweleza mtu. Lakini daftari lenyewe halikusogea. Daftari lilisema sita ni tupu, naye akaliamini daftari kuliko kioo kilichokuwa mbele ya pua yake. Akaichagua ya sita, akaweka alama kwenye kisanduku cha kufomati, yaani kufuta kila kilichomo, akabofya.

Macho nayo hayakumsaidia. Zile patisheni mbili alizigawa yeye mwenyewe wiki iliyotangulia, gigabaiti mia na ishirini huku, mia na ishirini kule, bila hata baiti moja kuzidi. Fundi mwingine angezikata ovyoovyo, moja nene na nyingine nyembamba, na uovyo huo ungemwamsha: mbona hii nene ndiyo naifuta? Taratibu alizikata sawasawa kwa sababu ndivyo alivyopenda vitu viwe.

Akakaa akiutazama uso wake kwenye kioo cheusi.

Shemeji, mke wa kaka yake, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mwezi mmoja nyuma madaktari walikuta uvimbe kooni mwake, wakasema kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote. Wakampa wiki tatu za kujiandaa. Wengine wangezitumia wiki hizo kulia. Yeye alitundika blanketi dirishani chumbani kwake ili makelele ya nje yasiingie, na kila alasiri akitoka shule akakaa kitandani na simu, akasoma. Neno moja, faili moja. Alianza na a akaenda mpaka z kama anayefundisha, kisha akaongeza yale ambayo hayapo kwenye orodha ya mtu yeyote: Nani kamaliza sukari. Geuza shati, umelivaa kinyume. Sitaki maswali. Jina la binti yake wa miaka sita alilirekodi mara tisa, kwa sababu, alisema, mtoto haitwi kwa sauti ileile akiamshwa na akikaripiwa. Yote pamoja yalifika maneno na sentensi elfu mbili mia nne na kumi na sita.

Fundi ndiye aliyemwambia kuwa inawezekana. Kuna programu, alisema. Unaandika neno, mashine inatafuta faili lenye jina hilo, inalicheza. Ukiandika sentensi inaunganisha. Na kwa laptopu kuukuu kama ile, programu hiyo ingekwenda vizuri kwenye Linux tu, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama mashine itakuwa na adabu au itamkatiza kama mumewe.

Upasuaji ulifanyika. Leo ilikuwa siku ya sita. Kesho kutwa angetoka hospitali, na laptopu ilipaswa kumngoja nyumbani ikiwa tayari kusema.

Nakala nyingine haikuwepo. Simu ya shemeji ilikuwa ndogo, ikijaa anahamishia kwenye flashi na kufuta. Flashi hiyo fundi aliipokea, akayahamishia maneno yote kwenye laptopu, akayahesabu, yakatimia. Kisha, kwa kuwa alihitaji flashi ya kusimikia Linux kwenye mashine, akatumia hiyohiyo. Linux iliijaza karibu yote. Na ile diski yake kubwa ya akiba, ambayo kila mteja aliwekewa nakala kabla ya kazi, ilikuwa imejaa, naye akajiambia: ya saba siigusi, nakala ya nini?

"Taratibu! Stepla yangu uliiazima tangu juzi. Bado unaipima?"

Alikuwa Mama Kopi, mwenye mashine ya kudurufu chumba cha pili, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

Fundi hakuyatoa macho kwenye kioo.

"We! Umekaa au umekufa?"

"Nimekaa."

"Basi kaa kama mtu. Umekuwa kama picha ya pasipoti." Akaingia, akaiona stepla, akaichukua, kisha akaiona laptopu. "Ya nani hiyo? Si ile ya mwalimu?"

"Ya shemeji."

"Imekuwaje?"

"Nimeifomati."

Mama Kopi alikuwa amefanya kazi na mashine muda wa kutosha kulielewa neno hilo. Akavuta kigoda akakalia nusu. "Yote?"

"Palipo na sauti."

Akaishika stepla kwa mikono miwili, akaifungua, akaifunga. "Haiwezi kurudi?"

"Huwa zinarudi kiasi. Lakini nilikuwa nimeshaanza kumwaga mambo mengine juu yake. Palipomwagiwa hapatarudi."

"Kaka yako anajua?"

"Bado."

"Basi sikiliza, usimwambie kitu mpaka uwe na cha kumwonyesha. Mtu haendewi na habari mikono mitupu." Akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Na kula. Ukitetemeka utafuta na kilichobaki."

Akaondoka. Fundi akayapima maneno yake bila kuyakubali wala kuyakataa, akachukua bisibisi.

Alifungua skrubu kumi na moja, akazipanga juu ya karatasi kwa mfuatano wa kutoka kwake. Akaitoa diski, akaiunga kwa waya kwenye kompyuta yake ya dukani, akaiamuru kompyuta isome tu, isiandike hata nukta. Kabla ya kutafuta chochote alitaka picha nzima ya patisheni ile, baiti kwa baiti, ili kazi ifanyike kwenye picha na diski yenyewe ipumzishwe. Kwa hilo alihitaji nafasi. Akaifungua diski yake ya akiba. Vilivyoijaza havikuwa vya wateja; vilikuwa vyake mwenyewe, miongozo na mazoezi ya miaka kumi na miwili, kila kitu alichojifunzia kazi peke yake tangu alipokuwa akisoma vitabu vya mashine ambazo hakuwa nazo. Akavitazama dakika moja. Akavifuta.

Ilichukua dakika arobaini kunakili. Juzi, alipojiambia nakala ya nini, zilimshinda dakika hizohizo.

Kisha akaiwasha programu ya kutafuta. Hii haijali majina wala mpangilio, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza diski ikifomatiwa. Inapita tu kwenye diski kipande kwa kipande, na kila ikiona kitu chenye sura ya mwanzo wa faili la sauti inakiokota na kukipa namba. Namba ya kwanza ilitokea baada ya dakika nne. Halafu mbili kwa pamoja. Halafu kimya kirefu. Fundi alikaa mikono ikiwa mapajani, kama aliye kwenye benchi la kusubiri majibu.

Saa saba mchana kaka yake akaingia.

Alikuwa fundi bomba, mtu wa sauti kubwa na mabega mapana, na siku zote aliingia mahali kana kwamba amefika kuokoa nyumba isifurike. Akautua mfuko wa spana sakafuni.

"Mdogo wangu! Leo kaamka vizuri, wewe! Hebu ona." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu, mviringo na ulionyooka: Shati gani hilo? Umetoka kuiba magunia? Mwambie nesi wa asubuhi mikono yake ni barafu. Usimpe mtoto soda. "Ukurasa mzima ananitukana! Mtu mgonjwa hana nguvu hizo. Amepona huyo."

"Amepona," fundi akasema.

"Mashine iko tayari?"

"Bado kidogo."

"Wewe na kidogo yako. Haya, sikai. Nipe neno moja tu. Niwekee lile la 'nakuja nyumbani', nirekodi kwa simu nikamsikilizishe binti. Kila asubuhi ananiuliza mama atarudi na sauti gani. Nimemwambia ileile. Haniamini, anataka ushahidi." Akatoa simu, akaishika mbele ya laptopu, na ndipo akaona kuwa laptopu ilikuwa tumbo wazi na skrubu zake ziko kwenye karatasi. "Mbona umeipasua?"

Fundi angeweza kusema ni vumbi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi. Angepata siku nzima kwa neno hilo.

"Kaka, kaa."

"Sikai. Sema."

"Nimefuta patisheni yenye sauti zake."

Kaka aliendelea kuishika simu vilevile, mkono umenyooka.

"Umefuta."

"Nimefuta."

"Umefuta bahati mbaya, au?"

"Kwa mpango. Mpango wenyewe ulikuwa na kosa. Namba zilisogea, mimi nikafuata daftari."

"Wewe." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Wewe unayefungua pakiti ya biskuti kwa mkasi. Wewe ambaye tukikutuma chumvi unarudi kuuliza ya mawe au ya unga."

Fundi akaisogeza skrubu moja irudi mstarini.

"Mimi nikikosea bomba," kaka akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka mahali ambapo mdogo wake hakuwahi kuisikia, "maji yanamwagika, nayaona, nakimbia nafunga koki. Hii yako koki yake iko wapi?"

"Nimeshaifunga. Kilichomwagika ndicho sikijui."

"Kiasi gani?"

"Sijui."

"Kadiria."

"Siwezi, kaka."

"Basi nidanganye! Sema nusu. Sema robo. Nipe kitu cha kutembea nacho!"

Kwenye kioo cha kompyuta ya dukani namba iliongezeka, ikawa mia tatu na tisa. Kaka aliifuata kwa macho. "Ndiyo hizo?"

"Ndizo zinazopatikana. Lakini sijui kilichomo ndani ya kila moja."

Kaka akaikunja ile karatasi mara nne, akairudisha mfukoni, akabeba mfuko wake. Mlangoni akasimama akiwa amempa mgongo.

"Mimi simwambii. Mdomo huo sina. Saa kumi ni saa ya kuona wagonjwa. Utakwenda wewe."

"Nitakwenda."

"Na usimwendee na patisheni zako. Mwambie kwa Kiswahili."

Akashuka ngazi mbili za mlangoni, spana zikigongana mfukoni.

Ilipofika saa nane na nusu programu ilikuwa imeokota faili elfu moja mia nane na arobaini, na ilikuwa bado haijafika theluthi mbili ya picha. Fundi aliyanakili yaliyokwisha kupatikana mahali pawili tofauti. Kisha akavaa vipokea sauti, akafungua la kwanza.

Meza.

Sauti ilikuwa yake kabisa. Ilikuwa na ule ukakamavu wa kusukuma silabi ya mwisho mbele ili mtoto wa dawati la nyuma aisikie. Akaandika kwenye ukurasa mpya: 1 – meza. Hapo ndipo alipoona ukubwa wa kilichopotea hata kwa yale yaliyorudi. Shemeji alikuwa amelipatia kila faili jina la neno lake, na kwa majina hayo ndiyo mashine ingejua kusema. Majina yote yalikufa. Yaliyobaki yalikuwa namba, kichwa cha foleni kikiwa hakijui mkia uko wapi, na bila mtu kusikiliza moja baada ya jingine na kuandika, yangekuwa kelele tu.

La pili: wapi. La tatu lilikuwa mchakaricho mtupu, kama kokoto zinazomwagwa kwenye ndoo. La nne: pole sana. La tano lilianza vizuri, "Usi—", likaingia kokoto. Usi nini? Usiende, usilie, usisahau. Alikuwa amerekodi usi zaidi ya hamsini.

Kwenye la kumi na saba alisemeshwa yeye mwenyewe. "Taratibu, hapa mbwa wa jirani kabweka, kata. Usije ukaniwekea mbwa kwenye sauti yangu." Halafu pumzi, halafu kikohozi kile ambacho wakati huo wote walidhani ni cha vumbi la chaki. Fundi akavua vipokea sauti, akavifuta kwa kitambaa ingawa havikuwa na kitu, akavivaa tena.

Alisikiliza mpaka la mia na themanini, yale marefu akiyaruka, akilitafuta hasa jina la binti. Alilipata mara moja. Lilikuwa lile la kukaripia.

Saa kumi kasorobo alifunga duka, akabeba laptopu yake mwenyewe kwenye begi, akaenda kwa miguu. Wadi ilikuwa ghorofa ya pili, vitanda kumi na viwili, vyote vina watu. Harufu ya dawa ya sakafu ilikuwa nzito. Shemeji alikuwa cha mwisho karibu na dirisha, ameegemezwa kwa mito miwili, shingo imezungushiwa bendeji nyeupe, na katikati ya bendeji tundu la mrija ambalo pumzi yake ilipita ikipiga mluzi mdogo. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yaleyale ya kuhesabu waliochelewa.

Alipomwona akachukua daftari la mistari na kalamu. Kaka yako kapenya saa nane, kabla ya saa ya wageni, kakaa dakika tano, hakunitazama. Amevunja nini?

"Hajavunja kitu yeye, shemeji. Ni mimi."

Hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono imeshika chuma, akamweleza. Alimweleza kwa Kiswahili, kama alivyoagizwa: kwamba sauti zilikuwa kwenye chumba kimoja, kwamba alikusudia kusafisha cha jirani yake, kwamba alisafisha kisicho. Kwamba namba zilisogea si udhuru, kwa sababu alijua zinasogea. Kwamba nakala hakuweka.

Shemeji aliishika kalamu juu ya karatasi mpaka fundi akamaliza. Mluzi wa pumzi ukaenda kasi, ukapungua.

Kwa nini hukuweka nakala?

"Nilidhani siigusi."

Akapiga mstari chini ya swali lake mwenyewe. Halafu mstari wa pili. Kalamu ikatoboa karatasi.

"Sina jibu lingine, shemeji. Ndilo hilo."

Akafungua ukurasa mwingine. Mangapi yamerudi?

"Mpaka natoka elfu moja mia nane na arobaini. Mengine yataongezeka. Lakini mengi yamekatika, na majina hayapo. Hata yaliyo mazima mashine haiyajui."

Jina lake?

Alijua ni nani anayeuliziwa. "Mpaka sasa moja kati ya tisa."

Lipi?

Akasita. "La kukaripia."

Mabega ya shemeji yakaanza kutikisika. Mdomo ulikuwa wazi, kichwa kimerudi nyuma kwenye mito, na hakuna kilichotoka isipokuwa ule mluzi, sasa wa vipandevipande. Fundi alimtazama akashindwa kujua kama ni kicheko au kilio. Kwa miaka yote alimjua kwa kusikia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kwa heshima. Ilipopita, shemeji akajifuta uso kwa pembe ya shuka, akaandika polepole, herufi zake zikiwa mbaya kwa mara ya kwanza.

Nimekasirika. Nitakasirika muda mrefu, usije ukaniuliza kama nimeshamaliza. Umekuja na mashine?

"Nimekuja nayo. Nimebeba yaliyopatikana."

Fungua.

"Shemeji, nilikusudia kuyasikiliza mwenyewe. Nitayaandika yote. Wewe pumzika tu."

Akaandika kwa nguvu: Wewe utajua nusu ya neno lilikuwa neno gani? Mimi ndiye niliyelisema.

Akavuta kiti. Akaweka laptopu juu ya kimeza cha chakula, akampa kipokea sauti kimoja, akabaki na kingine. Akafungua daftari lake kwenye ule ukurasa, akampa nafasi ya kuliona. Akabofya la kwanza.

Alitarajia atashtuka akijisikia. Hakushtuka. Alisikiliza kama anavyosahihisha madaftari, kichwa kimeinama upande, kidole juu. Meza: akatikisa kichwa kukubali. Wapi. Pole sana. Lile la usi lililokatika alitaka lirudiwe mara mbili, kisha akaandika bila wasiwasi: usiogope. Fundi akashangaa. Shemeji akaandika: sikia navyovuta pumzi kabla. Hilo nilirudia mara nne, nikachoka.

Wakaenda hivyo. Yeye anasikiliza, anaandika neno, fundi analinakili mbele ya namba. Lililoharibika kabisa analipungia mkono lipite. Walipofika la kumi na saba, lile la mbwa, akamtazama fundi, naye akayashusha macho. Shemeji akainua kidole. Akaashiria: linalofuata.

Kufika saa kumi na moja na dakika kumi walikuwa na maneno ishirini na sita kati ya thelathini na moja. Fundi alipiga hesabu kichwani ya siku ngapi, akaiacha njiani.

Akabofya la thelathini na mbili.

Lilikuwa fupi. Kokoto kidogo, sauti moja ya wazi katikati, kokoto tena. Haikufika silabi mbili. Shemeji akainua kidole: tena. Akabofya. Tena. Akaufumba mdomo, akaufumbua, akijaribu kuyaweka midomoni maumbo ya maneno moja baada ya jingine, ma, mba, nga, mkono mmoja ukiwa umegusa bendeji bila yeye kujua. Tena. Tena. Nesi akapita mlangoni akigonga fremu kwa kalamu, muda umekwisha jamani, tuwaache wagonjwa wapumzike. Watu wakaanza kuinuka kwenye viti.

"Shemeji, tuliruke?"

Akakataa kwa kichwa. Akasikiliza mara nyingine mbili, macho yamefumbwa. Kisha akakitoa kipokea sauti sikioni, akakiweka juu ya shuka, akachukua kalamu.

Sijui hili. Una hakika ni mimi?

Fundi alisoma. Akaisoma mara ya pili.

"Limetoka humohumo, shemeji. Ni wewe."

Shemeji akaiacha kalamu. Aligeuza uso dirishani, ambako kulikuwa na ukuta wa jengo jingine na mabomba ya maji machafu yanayoshuka sambamba. Nesi akaja mpaka kitandani, akamgusa fundi begani. Shemeji, bila kugeuka, akalivuta daftari, akaandika kwa kupapasa: Kesho njoo saa ya asubuhi. Uje na chaja.

Fundi akafunga laptopu. Kwenye ukurasa wake akaandika 32, akaacha mbele yake patupu. Kule dukani programu ilikuwa bado inatafuta.